Pasipoti Zetu Zilivuka Ukuta

Taasisi iliyotupokea Leipzig, Septemba 1985, ilikuwa Mtaa wa Lumumba. Tuliangua kicheko. Mwenzetu mmoja alikulia Dar es Salaam, jirani kabisa na Mtaa wa Lumumba wa kwetu, penye ofisi ya Chama cha Mapinduzi, na sasa alikuwa amerushwa maelfu ya kilomita ili akashushiwe mtaa uleule. Hapo Herder-Institut ndipo wageni wengi waliokuja kusoma Ujerumani Mashariki walipopikwa lugha kabla ya kutawanywa: wa madini wakaenda Freiberg, wa uhandisi Dresden, na sisi wa udaktari wa mifugo tukabaki Leipzig, Chuo Kikuu cha Karl Marx. Darasani nilikaa kati ya Myemeni na msichana wa Nikaragua. Hatukuwa na lugha ya pamoja isipokuwa hicho Kijerumani chetu kibovu, na ndiyo maana tulikijua upesi.

Mtu akiniuliza leo nini hasa nakumbuka, namwambia harufu. Kusini mwa mji kulikuwa na machimbo ya makaa ya mawe ya kahawia, na nyumba nyingi zilipashwa moto kwa makaa hayohayo. Novemba ikiingia, hewa ilikaba koo. Shati jeupe ukilianika nje asubuhi, jioni lina vumbi jeusi kwenye kola. Theluji, ambayo nyumbani tulikuwa tumeiona kwenye picha za Kilimanjaro tu, ilishuka nyeupe usiku na kufikia adhuhuri imekuwa kijivu.

Bweni letu lilikuwa Straße des 18. Oktober, majengo marefu yaliyojaa wanafunzi wa kila taifa. Mlangoni alikaa mama mmoja mtu mzima, mkali kama matroni wa shule za misheni. Mgeni aliacha kitambulisho chake kwake, na saa ya kuondoka ikifika mama huyo alipanda ngazi mwenyewe kumtafuta. Huyo mama ndiye aliyenifundisha kufunga skafu ipasavyo. Maprofesa hawakujali mambo hayo.

Chakula kilikuwa mtihani, hasa kwa sisi watu wa Pwani. Viazi vya kuchemsha Jumatatu, viazi Jumanne, na kila sufuria ya mensa, kantini ya chuo, ina nyama ya nguruwe au mafuta yake. Hata supu uliyoambiwa ni ya mboga ilielea vipande vya soseji. Tuliishi kwa mayai, samaki wa kukaushwa kwa moshi na mikate midogo ya senti tano mmoja, bei ambayo haikubadilika mpaka nchi yenyewe ilipokufa. Ugali tuliusonga kwa semolina. Haukuwa ugali, lakini ukiwa na kabichi ya kukaanga na kitunguu, halafu watu sita mmezunguka sufuria moja, ulimi ulikubali kudanganywa. Kijana wa Tanga alikuwa na pilipili za kusaga alizoletewa na mjomba wake baharia kupitia Rostock. Alizigawa kwa ncha ya kijiko, na ukimkosea alikunyima.

Foleni hazikututisha. Tulikuwa tumetoka kwenye Tanzania ya miaka ya themanini mwanzoni, sukari na sabuni kwa kibali, mtu anaweka jiwe limshikie nafasi aende zake shambani. Wajerumani wao walitembea na mfuko wa nyavu mfukoni, wakiona mstari wanasimama kwanza, ndipo wanauliza kinauzwa nini. Ndizi ziliuzwa kwa msimu, karibu na Krismasi. Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani kwamba kwetu Tanzania, huko Bukoba, watu wanachoka ndizi, alinitazama kama mtu anayesimuliwa ngano.

Lakini jambo ninalotaka kulishuhudia hasa ni la pasipoti. Sisi tuliweza kuvuka. Uliomba muhuri wa kutoka na kurudi, ukapanda treni mpaka Berlin, ukashuka Friedrichstraße, ukapita vibanda vya ukaguzi, na baada ya muda mfupi ulikuwa Berlin Magharibi. Mjerumani uliyesoma naye dawati moja, mwenye nchi, alikuwa hawezi. Kwa hiyo siku za kabla ya safari mlango wetu haukupumzika: huyu anaomba kahawa nzuri, yule betri za saa, mwingine kitabu ambacho alikitaja kwa kunong'ona. Mhadhiri mmoja aliniuliza nyumba fulani ya ghorofa upande ule kama bado ina roshani za kijani. Dada yake alikuwa akiishi humo. Nilienda nikaitazama, nikarudi nikamjibu, naye akanishukuru mno hadi nikaona haya.

Kulikuwa na Waafrika wengine ambao hawakuwa na hadhi yetu. Wafanyakazi wa mkataba kutoka Msumbiji walikaa kwenye mabweni ya viwanda, na wasichana wao wakipata mimba walirudishwa kwao. Mmakonde mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi, alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko cha baadhi yetu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba sehemu ya mshahara wao ilikatwa, wakiahidiwa kulipwa wakifika nyumbani. Wengi hawakuupata. Miaka mingi baadaye wenzake, wale wanaoitwa Madgermanes, walikuwa bado wanaandamana Maputo.

Tarehe 9 Oktoba 1989 tuliambiwa tusitoke. Ilikuwa Jumatatu, siku ya sala za amani katika kanisa la Nikolai, na mji mzima ulinong'ona kwamba hospitali zimetayarisha damu. Watu wapatao elfu 70 walizunguka barabara ya mzingo, na risasi haikupigwa. Sauti ya Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya Gewandhaus, ilitoka kwenye vipaza sauti ikiomba utulivu. Sisi tulikuwa chumbani na redio ya masafa mafupi. Jamani, Wajerumani walikuwa na idhaa mbili za Kiswahili: Deutsche Welle kutoka Köln na Radio Berlin International kutoka Berlin Mashariki. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukizisikiliza zote mbili, tukazipasua katikati na kuuita huo ndio ukweli.

Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka. Mwenzangu wa chumbani alikwenda Magharibi, akapewa marki 100 za makaribisho kama kila raia wa Mashariki, akarudi na kichane cha ndizi na machozi. Nilifurahi naye kwa dhati. Lakini kuanzia masika yaliyofuata, ramani yangu ya mji ilibadilika. Tramu ya usiku niliiacha. Vijana vipara walisimama vituoni, na neno ambalo zamani lilisemwa pembeni sasa lilipigiwa kelele. Desemba 1990 alifariki Amadeu Antonio Kiowa, Mwangola aliyepigwa na genge la vijana huko Eberswalde. Septemba 1991 umati ulizingira nyumba za Wamsumbiji na Wavietnamu Hoyerswerda, na polisi wakawahamisha kwa mabasi waliozingirwa, si waliozingira.

Nchi iliyotudhamini ilifutika tarehe 3 Oktoba 1990, nikiwa naingia mwaka wa tano. Posho zetu sasa zililipwa na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, na chuo kikavua jina la Karl Marx. Waliobanwa wakafunguliwa, nasi tuliokuwa tukivuka mpaka wao bila shida tukaanza kuogopa kituo cha tramu. Wanaosimulia mwaka ule husimulia nusu ya kwanza tu.

Tuliosoma kule tunapungua. Kama baba au shangazi yako alikuwa Leipzig, Dresden au Rostock, na ndani kuna boksi la barua za ndege na picha za rangi iliyofifia, usilichome moto siku ya kusafisha nyumba. Muulize majina ya waliomo pichani, uyaandike nyuma kwa kalamu, kisha ulipeleke Nyaraka za Taifa.