Saini Haizuii Vumbi

Mpwa wangu Hamisi,

Mama yako kaniambia umehamishiwa kwenye mashine ya kusaga mawe, na kwamba mligawiwa barakoa mkatia saini karatasi ya kuzipokea bila yeyote kupimwa kama inambana uso. Ungenisikiliza ukaenda chuo cha ufundi cha VETA tusingeandikiana haya, lakini hilo limepita.

Kichujio cha barakoa ya N95 hunasa angalau asilimia 95 ya chembe zinazokipitia. Zinazokipitia, Hamisi. Hewa hufuata njia nyepesi. Penye mwanya shavuni hukikwepa kichujio na kuingia na vumbi lake. Vumbi la silika la mawe mnayosaga linalofika ndani kabisa ya mapafu halionekani kwa macho, na makovu yake hayana dawa. Basi usiniambie ndani ya barakoa panaonekana safi. Kuiziba kwa viganja na kuvuta pumzi ni jambo la kila unapoivaa, ila hakukuambii kama saizi ni yako.

Kipimo cha kujua hilo ni rahisi. Unavishwa kofia kubwa ya plastiki, unapuliziwa Bitrex, dawa chungu, kwanza bila barakoa ili ijulikane ulimi wako unaihisi. Wakiruka hatua hiyo, kipimo ni bure. Kisha unavaa barakoa: unapumua kawaida, unavuta pumzi ndefu, unageuza kichwa, unakiinua na kukiinamisha, unazungumza, unainama kiunoni, dakika moja kila kitendo. Ukionja uchungu, barakoa hiyo haikufai, utafutiwe nyingine. Marekani sheria inataka hivyo kabla ya kuanza kuitumia, na tena kila mwaka.

Msimamizi atasema zimeshathibitishwa maabara. Kwa nyuso za nani? Miaka mingi Wamarekani walijaribia barakoa kwa vipimo vya nyuso za wanajeshi wao wa anga wa 1967 na 1968, mpaka wenyewe wakaona havilingani na wafanyakazi wao, wakapima upya mwaka 2003. Sembuse uso wako!

Utaniambia ndevu ni sunna. Sikatai, ila nywele zikipita chini ya ukingo barakoa haibani. Ipo kofia inayosukumiwa hewa safi kwa feni, isiyohitaji kubana uso, idai hiyo. Watasema ni ghali. Babu yako alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, na kudai haki hakukuanzia kwako.

Sigara nayo acha, kwa ajili ya mapafu hayohayo. Na karatasi yao usiitie saini tena kabla hujapimwa.

Mjomba wako