Timu Isiyo na Benchi

Kikosi chetu kilikuwa na watu wanne: wawili Nachingwea, wawili Ruangwa. Free Fire ndivyo inavyotaka. Wanne mnaruka pamoja kutoka kwenye ndege, mnatua kisiwani, mnatafuta silaha, na kwa dakika kumi na kitu mnapigania kubaki hai kati ya wachezaji wapatao hamsini. Kila mmoja ana kazi yake. Yupo wa kutangulia, yupo wa kulenga kutoka mbali, yupo wa kuwainua walioangushwa. Mimi nilikuwa wa kuinua.

Mchana nilikuwa steshenari, natoa kopi na kuwachapia watu barua. Kapteni wetu alikuwa bodaboda Ruangwa. Tulicheza usiku kwa sababu bando la usiku ni rahisi na mtandao hauna foleni. Tulianza saa sita, na mara nyingine adhana ya alfajiri ilitukuta bado tuko kisiwani.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kisha tukaanza kuingia mashindano ya kwenye WhatsApp: kila timu inatuma kiingilio kwa simu, mshindi anabeba zilizokusanywa. Pesa hazikuwa nyingi, ila zilitosha kubadilisha sauti za watu. Ikaja ratiba ya mazoezi. Ukikosa, unaeleza sababu kundini. Ugonjwa ulikubalika, msiba ulikubalika, hata umeme kukatika ulikubalika. "Nimechoka" haikuwamo.

Huku kwetu neno msimu lina maana yake. Korosho zinaokotwa, zinakwenda mnadani, kisha watu wanapumua. Msimu wa gemu ukiisha leo, mwingine unaanza hapo hapo, na daraja ulilolipandia kwa takriban miezi miwili linashushwa ili ulipande tena.

Ikafika mahali mvua ikipiga bati nasikia hatua za adui. Tukishinda sikufurahi, nilishusha pumzi tu. Tukishindwa niliumia hadi kesho yake mchana. Mama alinitazama asubuhi moja akasema, "Mwanangu, mchezo gani huo unaokutoa macho mekundu kama umetoka kukesha msibani? Kama ni mchezo, si utacheza kesho?"

Nikatafuta jina la hali yangu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linataja tatizo la uchezaji gemu: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote, naye anaendelea hata inapomdhuru. Orodha hiyo hiyo inataja uchovu wa kupitiliza, lakini kama jambo la kazini tu. Sikujiona vizuri katika lolote kati ya hayo. Gemu yenyewe sikuwa naitamani tena, na kwa kuwa ni mchezo, hakuna aliyeihesabu kuwa kazi. Nilikuwa naingia kwa sababu watu watatu walikuwa wananisubiri. Nisipoingia mimi, wao ndio watakaokufa.

Nilisoma pia habari za Jian Zihao, Mchina anayejulikana kama Uzi, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa League of Legends. Juni 2020 alitangaza kustaafu akiwa na miaka 23, akiwa na kisukari cha aina ya pili. Huyo alikuwa na klabu na mshahara. Sisi tulikuwa na bando.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika chini ya bahari, na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Usiku ule nililala saa tatu. Ujumbe wa kapteni uliingia kwa kuchelewa: "Mwanangu, nimelala kama mtoto." Wote wanne tulikuwa tumelala, na hakuna aliyemdai mwenzake maelezo. Ilibidi mikongo ikatike baharini ndipo vijana wanne wa Lindi wapate usingizi. Mtandao uliporudi, ratiba nayo ikarudi.

Baadaye nilikwenda Ruangwa kutazama mpira. Namungo walikuwa nyumbani, Uwanja wa Majaliwa, na kapteni alinishikia nafasi. Timu hii ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na watu wa pale wanaipenda kama ndugu yao. Kipindi cha pili ubao wa namba uliinuliwa. Winga akatoka akitembea, akapiga makofi, akapewa maji, akaketi. Watu wakampigia makofi. Kapteni hakuwa anatazama mpira tena, alikuwa anamtazama winga.

"Kachoka, kakaa, na timu bado ni yake," alisema.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuliandika kundini. Alfajiri moja, baada ya mashindano, alimpakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akasinzia njiani. Pikipiki ilihama barabara, ikaingia kwenye nyasi, ikasimama yenyewe. Hakuna aliyeumia. Yule mama alishuka, akamlipa nauli yake, akaendelea kwa miguu bila kusema neno.

Usiku ule tuliandika kundini sote wawili: tunatafuta mtu wa tano, na wa sita akipatikana, na kila mmoja atakuwa na usiku wake wa kupumzika. Mmoja alikataa. Alisema timu za kweli hazilali, akahamia kikosi kingine. Tulishuka madaraja mawili msimu ule, na kiingilio cha mashindano tuliyokuwa tumeshalipia kikapotea.

Sasa tuko watano, na kundini kuna neno moja jipya. Mtu anaandika "benchi", basi. Haulizwi sababu.