Siku Nne na Gari la Umeme Bulongwa

Mdogo wangu, ambaye ni mfanyabiashara wa mbao Makambako, amenunua gari la umeme. Ni BYD Atto 3, gari dogo lililoinuka, la rangi ya kijivu, na kwa wiki kadhaa lilikuwa kivutio pale mjini kuliko treni ya TAZARA. Mwezi Juni aliniazima ili niende Bulongwa kumsalimia baba yetu mdogo, kwa sharti moja: nimwandikie nilichokiona. Aliamini kwamba mhadhiri atakuwa na muda wa kuandika. Ninayoandika hapa ndiyo deni hilo, ingawa nina hakika siyo aliyoyatarajia.

Nianze na sifa, kwa kuwa gari linazo. Betri yake inabeba uniti 60 na kitu, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU, na mtengenezaji anasema ikijaa itakupeleka hadi kilomita 420 kwa vipimo vya Ulaya. Halina gia za kuhangaika nazo, halina moshi, halina mngurumo. Unakanyaga, linakwenda. Ndani kuna kioo kikubwa kinachogeuzwa kusimama au kulala, na kwenye mifuko ya milango kuna nyuzi tatu za mpira ambazo ukizipiga zinalia kama gitaa. Sikuelewa kwa nini mtu aliyebuni gari alifikiria gitaa mlangoni, lakini watoto wa Bulongwa walielewa mara moja.

Niliondoka Makambako Ijumaa asubuhi betri ikiwa imejaa. Kutoka pale hadi Njombe ni kilomita 60 hivi za kupanda polepole kati ya milingoti na paina. Kutoka Njombe hadi Makete ni zaidi ya kilomita 100 za lami, barabara ambayo sisi tuliokulia huko tuliisubiri maisha yetu yote. Zamani mvua zikianza safari hiyo ilikuwa ya siku nzima, wakati mwingine mbili, na abiria walishuka kusukuma. Sasa unapita ukungu wa asubuhi ukiwa umekaa kimya kana kwamba uko maktabani. Wakulima wa viazi mviringo walioketi kando ya magunia yao hawakunisikia nikija. Mmoja alinikemea kwamba nimezima injini mteremkoni, jambo ambalo kila dereva wa milimani anajua ni kujitafutia kifo.

Mteremko ndipo gari hili linapofanya kazi ambayo magari yetu hayaiwezi. Ukiachia mguu, mota inageuka kuwa jenereta, inalipunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Nilishuka mabonde marefu bila kugusa breki, nikitazama asilimia zikiongezeka moja moja. Lakini mlima unadai kwanza ndipo urudishe. Gari lenye uzito wa karibu tani mbili, pamoja na abiria na mizigo, hula zaidi kidogo ya nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda, nje ya kile linachokula kwa mwendo wenyewe, na linachorudisha wakati wa kushuka ni sehemu tu. Nilifika Bulongwa jioni nikiwa na asilimia 45. Kurudi kungehitaji karibu kiasi hicho hicho au zaidi. Ilibidi nichaji.

Baba mdogo alikuwa amekaa barazani amejifunika blanketi, mrija wa oksijeni puani. Miaka mingi ya kupasua mbao, na moshi wa kuni katika nyumba zilizofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, imemharibu mapafu. Daktari alimwelekeza atumie mashine ya oksijeni saa zisizopungua 15 kwa siku. Mashine yenyewe siyo mtungi. Inavuta hewa ya kawaida na kuchuja oksijeni, kwa hiyo uhai wake ni umeme. Inakula wati 350 hivi. Nilipomwamkia alinyanyua mkono, akalitazama gari kwa muda, akauliza: "Mwanangu, hili nalo linapumua kwa waya?"

Nililichomeka usiku huo kwenye soketi ya sebuleni kwa chaja ndogo inayokuja na gari. Hapa naomba wanaofanya kazi serikalini wanisikilize, kwa kuwa tunazungumza sana juu ya magari ya umeme na tunazungumza kidogo mno juu ya soketi. Soketi ya nyumbani ikitoa ampea 10 hutoa wati 2,300, yaani kuijaza betri ile kutoka sifuri ni zaidi ya siku nzima usiku na mchana. Na hiyo ni kama waya utastahimili. Saa sita usiku mama mdogo alinigongea mlango akasema anasikia harufu ya plastiki. Soketi ilikuwa imepata moto kiasi cha kushindwa kuishika. Nilichomoa. Gari lilikuwa na asilimia 53.

Asubuhi nilimwita fundi umeme, kijana mpole aliyeifungua soketi, akaitazama, akanitazama mimi. Nyumba ilikuwa imetandazwa waya mwembamba wa taa kila mahali, hata kwenye soketi. Aliyeifanya kazi hiyo alitumwa na mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, na mimi ndiye niliyesema tupunguze gharama. "Mwalimu, huu ni waya wa balbu," alisema. "Pasi unaipitisha. Gari hapana." Akanikataza nisichomeke tena mpaka atakapoleta waya mnene kesho yake.

Jumamosi jioni upepo ulikuwa mkali, mti ukaanguka juu ya nyaya mahali fulani, na ilipokaribia saa mbili usiku umeme ukakatika.

Wale wenye wagonjwa wa namna hii wanaijua sauti inayofuata. Mashine inapiga kelele mfululizo, kisha inanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakotisha. Mtungi wa akiba ulikuwapo lakini ulikuwa umebaki na kiasi cha saa mbili. Kabla ya hapo, mama mdogo alinieleza, umeme ukikatika walikuwa wakimpigia simu jirani mwenye jenereta, na kama jirani hana petroli, kijana wa bodaboda anatumwa kuitafuta usiku katika baridi ya Makete, ambayo mwezi Juni huacha sakitu kwenye majani.

Nilikumbuka kwamba mdogo wangu alikuwa amenionesha kifaa ndani ya buti, waya mfupi wenye soketi upande mmoja. Kinachomekwa pale pale gari linapochajiwa, na umeme unatoka badala ya kuingia. Aliniambia ni kwa ajili ya kuchoma nyama porini. Nililisogeza gari hadi dirishani, nikapitisha waya, nikachomeka mashine. Ilikoroma, ikawaka. Baba mdogo alivuta pumzi chache akaniuliza kama jirani amepata petroli.

Sikulala. Nilikaa ndani ya gari nikitazama asilimia, na nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kudhani gari litanidai. Mashine ile pamoja na taa moja na simu za nyumba nzima zilikuwa zinakula chini ya asilimia moja kwa saa. Kwa mgonjwa, betri hii ilikuwa ghala la siku nyingi. Kwangu mimi ilikuwa safari ya kurudi inayoyeyuka. Jumatatu nilitakiwa kusimamia mtihani. Kila asilimia iliyokwenda dirishani ilikuwa imetoka kwenye barabara ya Njombe, na nakiri kwamba mnamo saa tisa usiku niliwaza, kwa muda mfupi lakini niliwaza, kuhusu ile petroli ya jirani. Jumapili umeme ulirudi saa tisa alasiri. Gari lilikuwa limebaki na 41. Fundi alikuwa ameshafunga waya mpya, tukachomeka, nikampigia mwenzangu wa idara kumwomba ashike mtihani wangu. Alikubali, ila akacheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Kuna jambo lililonikera katika siku hizo nne, na gari halihusiki nalo. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hutozwa bei nafuu. Akizidi, anahamia kwenye bei ya kawaida ambayo kwa kodi na tozo zake ni shilingi 350 na ushee kwa uniti. Mantiki yake inaeleweka, mtumiaji mdogo alindwe. Lakini mashine ya oksijeni kwa saa 15 kila siku hula zaidi ya uniti 150 kwa mwezi. Kwa hiyo katika vitabu vya umeme, baba mdogo ni mtumiaji mkubwa. Yuko kapu moja na mwenye friji mbili na pampu ya bustani. Kujaza betri ya mdogo wangu kwa bei hiyo ni shilingi elfu ishirini na kitu, wakati petroli ya kwenda umbali huo huo, kwa gari la lita moja kwa kilomita 10 na bei iliyokuwa ikikaribia shilingi 3,000, inavuka laki moja. Mwenye gari anaokoa. Tena barabara anayopita inatunzwa kwa tozo inayokatwa kwenye mafuta, ambayo yeye haiweki. Sisemi magari haya yatozwe kesho. Rwanda iliyaondolea kodi, na Ethiopia mwaka 2024 ilikwenda mbali zaidi, ikazuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Nasema kwamba katika mkoa ambao misitu yake inazalisha nguzo za umeme, nchi ambayo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme gridini mwaka huo huo, hesabu ya nani apewe nafuu ianzie kwenye mapafu.

Wanafunzi wangu watauliza kuhusu madini, kwa hiyo nijibu kwa ufupi. Betri ya gari hili ni ya chuma na fosfeti, haina kobalti ya Kolwezi wala nikeli. Ina litiamu, na ina kinywe, madini ambayo tunayo Mahenge. Hilo ni somo la siku nyingine.

Niliondoka Jumatatu alfajiri na asilimia 84, nikafika Makambako mchana na 37. Mdogo wangu alinipokea kwa "Shikamoo kaka, imebaki ngapi?" Nilimweleza yote. Alisikitika juu ya soketi, akafurahi juu ya kile kifaa, kisha akasema maneno ambayo baba mdogo alikuwa ameshanipigia simu kuyasema kabla yangu: je, haiwezekani kununua betri bila gari?

Inawezekana. Maduka ya vifaa vya sola yanauza betri ndogo za aina ile ile, na ya uniti tano ingeiendesha mashine saa 13 au 14, usiku mzima na ziada. Nimefungua kundi la ukoo kwenye simu na kuandika kiasi. Watu wetu wa Kariakoo wamejibu, wa Mbeya wanasema wanashauriana. Mdogo wangu ameahidi theluthi, na mpaka tutakapokamilisha, kile kifaa cha kuchomea nyama kimebaki Makambako ndani ya buti, na namba ya simu ya mdogo wangu imebandikwa ukutani Bulongwa, juu ya ile ya jirani mwenye jenereta.