Boksi la Halloween Kutoka Kisorya, na Bibi Mwenye Macho Mekundu

Oktoba ikianza tu, kwenye simu za vijana wa Mwanza, Dar na Nairobi stori inakuwa moja: Halloween. Nani atavaa nini tarehe 31, kiwanja gani kitapambwa mafuvu na popo, nani atachorwa usoni mpaka mama yake mzazi amkimbie. Wapo wanaosema ni kuiga mambo ya watu, wapo wanaoona fursa. Binti mmoja wa Kisorya yuko kundi la pili.

Kisorya iko wilaya ya Bunda, mkoani Mara, pale barabara inapogota ziwani na mwenye safari ya Ukerewe akasubiri kivuko cha kwenda Rugezi. Si mahali ambapo ungetegemea kukuta mapambo ya Halloween. Lakini bando lipo, Pinterest ipo, na huyu dada ana mikono ya kazi. Anatengeneza maboksi ya vivuli, yaani picha ya karatasi yenye kina, unayoiangalia kama unachungulia dirishani.

Vifaa vyake si vya gharama. Boksi la viatu, karatasi za manila, wembe, gundi, na taa ndogo za betri zile za kupambia Krismasi. Picha moja anaigawa kwenye karatasi tano: mbele miti, nyuma yake nyumba, kisha kilima, kisha mawingu, mwisho mwezi. Kati ya karatasi na karatasi anabandika vipande vya ndala zilizochakaa ili zisigusane. Nyuma kabisa anaweka karatasi nyeupe laini inayopitisha mwanga, halafu taa. Karatasi ya mbele inakuwa nyeusi tii, na kadiri unavyorudi nyuma rangi inapungua. Na matundu madogo ya ndani hukatwa kwanza, mzunguko wa nje mwisho, la sivyo karatasi inalegea na kuchanika. Ukizima taa ya chumba ukawasha ya boksi, mwili unasisimka.

Mteja mmoja wa Mwanza, mwenye sehemu yake ya kula bata, aliona picha status akaagiza matatu. Sh 45,000 kila moja, nusu akatuma siku hiyo hiyo. Maelekezo yalikuja kwa sauti WhatsApp: "Sista, nataka nyumba ya nyasi, bibi kizee mchawi kasimama mlangoni, macho mekundu yanawaka. Mtu akiangalia ashtuke."

Dada akaingia kazini. Macho aliyatoboa kwa ncha ya wembe, nyuma akabandika nailoni nyekundu ya kufungia zawadi. Usiku akawasha. Ikatoka kali kweli kweli.

Bibi yake, anayemlea tangu mdogo, alikuwa ndiyo anatoka jikoni kukausha samaki. Akasimama, akaangalia muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Mchawi, bibi. Ni mchezo tu, sikukuu ya Wazungu."

"Mbona umemvika khanga kama yangu?"

Hakukuwa na jibu. Binti alipoambiwa achore bibi kizee, mkono ulimchora bibi kizee pekee anayemjua: kilemba, mgongo uliopinda, khanga begani. Na macho mekundu yalikuwepo, yanamtazama kutoka usoni kwa bibi mwenyewe.

Kwa msomaji wa mbali hili linaweza kuonekana dogo. Kanda ya Ziwa si dogo. Vikongwe wengi wana macho mekundu kwa sababu wamepika maisha yao yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na pa kutokea moshi. Lakini macho hayo hayo yamekuwa "ushahidi". Mtoto akiugua, ng'ombe wakifa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, kidole kinaelekezwa kwa bibi wa jirani. Wakati mwingine nyuma ya yote kuna shamba ambalo mtu analitaka. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahi kutaja mamia ya watu waliouawa ndani ya mwaka mmoja kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee.

Hakulala vizuri. Hela ya mteja ilishakula manila na nyingine ilikuwa kwenye unga. Asubuhi akapiga simu: bibi mchawi hatamtengeneza, ila ana wazo lingine.

"Halloween bila mchawi ni kitu gani sasa?" mteja akauliza.

Dada alikuwa ameshasoma. Akamwambia sikukuu hii mizizi yake iko Ireland na Scotland, watu walipofunga mavuno wakaingia msimu wa giza, wakiamini usiku ule wafu wanakaribia walio hai. Walichonga mizizi ya mboga wakaweka taa ndani. Waairishi walipohamia Marekani, boga likachukua nafasi hiyo. Kumbe kiini chake ni giza na taa. Na giza na taa, Kisorya wanavyo.

Mteja akakubali kuona kwanza.

Boksi la kwanza: usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani mpaka unadhani ni mji, na mbele kabisa mtumbwi mmoja hauna mtu. La pili: mgongo wa kiboko unainuka kwenye matete, na mvuvi hajauona.

La tatu alilitengeneza kwa nailoni ile ile nyekundu. Safari hii nyekundu ni moto wa jiko. Bibi ametupa mgongo, anageuza samaki, moshi umekatwa karatasi tatu mfululizo unapanda mpaka unamfunika kichwa. Karatasi ya mbele ni mlango. Mlangoni kuna vivuli vya watu wanne wamesimama kimya, mikononi mapanga.

Akapiga picha, akatuma zote tatu. Tiki mbili za bluu, kimya. Baada ya nusu saa mteja akajibu.

"Mtumbwi nachukua. Kiboko nachukua, noma sana. Hilo la tatu hapana, sista. Wateja wanakuja kufurahi, hilo linatisha."

Salio likaingia pungufu Sh 45,000. Bibi ndiye aliyeamua boksi lililobaki likae sebuleni, juu ya kabati, linapoonekana na kila anayeingia. Jirani wakija jioni, analiwasha mwenyewe.