Upepo Kwanza

Mwaka 1987 nilikuwa kibarua kwenye karakana ya shamba moja la mkonge, upande wa Korogwe. Kazi yangu ilikuwa kuburuta nyaya na kuchota maji. Hadi leo nikisikia kompresa ya pancha ikikoroma kando ya barabara, sikio langu hungoja ule mlio mwingine, kama turubai linalochanika lisifike mwisho.

Shingo ya trela la mkonge ilikuwa na ufa, nao ulipita katikati ya mshono uliochomelewa juu ya mshono mwingine. Oksijeni ilikuwa imeisha, na mtungi mwingine haikujulikana utafika lini kutoka Tanga. Kuufumua kwa patasi kungetula siku mbili. Fundi mkuu, mzee ambaye nyusi zake zilikwisha ungua siku nyingi, akatoa kabatini vijiti vyeusi vya mkaa vilivyovikwa shaba, unene wa milimita 4.

"Fundi, si kuna vile vinene?" nikauliza. Vya milimita 8 vilikuwamo kwenye boksi.

"Vile vinataka ampea 300. Hii pikipiki yetu," akaipigapiga mashine ya dizeli ya ampea 200, "utaizima."

Waya wa holda akaufunga kwenye chanya. "Upepo kwanza, kijana, moto baadaye." Kwenye taya la holda, chini ya kijiti, kulikuwa na vitundu: mkaa huyeyusha chuma, upepo hukipuliza kabla hakijaganda. Nami nikasimama na ndoo na gunia bichi, maana cheche ziliruka mita kadhaa, na nyuma yetu palikuwa na marobota ya singa. Sijapata kukodolea macho kitu kama nilivyoyakodolea yale marobota.

Mashine iliguna, ikatema moshi mweusi, ikashika. Lakini kompresa ilikuwa ya kujazia matairi. Presha ilianzia 80, ikiteremka chini ya 40 fundi ananyanyua mkono, tunangoja ijae. Mfereji ulisonga vidole vinne vinne namna hiyo hadi alasiri.

Kipande cha mwisho akanipa mimi. Mkono ulinitetemeka, ncha ya mkaa ikagusa chuma, ikaacha doa jeusi chini kabisa ya mfereji. Fundi alikuwa ameitwa ofisini; alikwisha niambia nisage hadi chuma king'ae kote. Nikasaga pale disiki ilipofika kwa urahisi. Jioni akachomelea, doa likafunikwa.

Wiki ya tatu trela lilikatikia njiani na mzigo wake. Fundi aliinama pale palipovunjika, akatazama kwa muda mrefu, asiniulize neno. Akanipa tupa.

Nikapiga. Kwingine kote iling'ata. Pale penye doa iliteleza kama juu ya chupa.