Kaskazini mwa Uskoti kwa Motahomu

Anayetafuta likizo ya bei nafuu asikodi motahomu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloulizwa na kila Mtanzania wa hapa Reading aliyesikia kwamba tulizunguka kaskazini mwa Uskoti ndani ya gari lenye vitanda, jiko na choo. Kodi ya gari peke yake, mwezi wa Juni, ilitugharimu zaidi ya pauni 1,100 kwa juma. Bado bima ya ziada, bado dizeli, bado viwanja vya kambi, ambavyo, sisi familia ya watu watano, vilikuwa vikitutoza kati ya pauni 30 na 45 kwa usiku. Kwa fedha hizo tungepanga nyumba ndogo huko huko, tukakodi gari la kawaida, na chenji ingebaki. Pamoja na hayo, nikiulizwa kama fedha zetu zilikwenda mahali pazuri, nasema ndiyo, na sababu kubwa ni mama yangu.

Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga. Alipokuja mara ya kwanza tulimpeleka hotelini, kwenye mji mmoja wa pwani ya kusini ya Uingereza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Chakula hakukigusa, maana hakujua kimepikwa na nini. Chooni kulikuwa na karatasi tu, hakuna maji. Kila tulipomuuliza alijibu, "Nimeshiba, mwanangu, kuleni nyie." Hakulalamika hata mara moja, ndiyo maana ilituuma. Safari hii mke wangu ndiye aliyesema: tumtafutie mama mahali ambapo jiko litakuwa lake.

Kusafiri na nyumba kwa ajili ya starehe tu kuna asili yake jirani na tunapoishi. Twyford ni stesheni moja tu kutoka Reading. Huko aliishi William Gordon Stables, Mskoti, daktari mstaafu wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu vya vijana. Mwaka 1885 alikiagiza kiwanda cha mabehewa cha Bristol kimtengenezee karavani, akaiita Wanderer, akasafiri nayo kutoka Twyford mpaka Inverness. Ilivutwa na farasi wawili, mtumishi akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia, na ndani alikuwamo mbwa mkubwa na kasuku. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ujanani daktari huyo alitumikia meli ya kivita ya Penguin, iliyokuwa ikiyasaka majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji. Alizijua bahari zetu kabla ya kuzijua barabara hizi. Nilipomsimulia mama, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao farasi, usiku walikuwa wanalala wapi?"

Ndilo swali lenyewe. Farasi au dizeli, mwenye nyumba ya magurudumu lazima ajue jioni ataiegesha wapi. Watu wengi hudhani motahomu inakupa ruhusa ya kulala popote panapokupendeza. Uskoti ina Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 2003, inayompa mtu haki ya kutembea na hata kupiga hema kwenye sehemu kubwa ya nchi, lakini haki hiyo haimhusu aliye ndani ya gari. Ukisimama usiku kwenye shamba la mtu, unahitaji idhini yake. Kwa hiyo tuliweka nafasi viwanjani tangu miezi ya baridi, na uhuru tuliokuwa tukiuona kwenye matangazo ukapungua kabla hatujaondoka.

Treni ilitufikisha Inverness asubuhi, na gari tulilichukua huko huko. Fundi wa kampuni alitumia karibu saa nzima kutufundisha, na sikuchoka kumsikiliza, maana gari hilo ni nyumba kamili iliyopangwa chini ya viti na nyuma ya vibao. Kuna tangi la maji safi na tangi la maji machafu. Kuna betri ya injini na betri nyingine ya taa na pampu. Friji inakula umeme wa betri mkiwa njiani, gesi mkisimama porini, na umeme wa kawaida mkifika kambini mkachomeka ile waya ndefu ya rangi ya chungwa. Mtungi wa gesi unafungwa kabla ya kuondoka, madirisha ya paa yanafungwa, kila kabati linabanwa, ngazi ya mlangoni inarudishwa ndani. Mke wangu aliyaandika yote, na kila asubuhi alikuwa akiyasoma kwa sauti, watoto wakiitikia "tayari" kwa kila moja. Mbele ya usukani palibandikwa kikaratasi cha urefu wa gari, karibu mita tatu, ili dereva asisahau akakutana na chuma cha mlango wa maegesho ya dukani.

Jambo la uzito halisemwi vya kutosha. Sisi tuliofaulu mtihani wa udereva baada ya kuanza kwa mwaka 1997, leseni yetu ya kawaida ya Uingereza inaishia kilo 3,500, na humo mnahesabiwa nyote: gari, abiria, gesi, masanduku, na gunia dogo la mchele ambalo mama hakukubali liachwe. Lita 100 za maji ni kilo 100. Tulisafiri na tangi nusu, tukawa tunajaza tukifika.

Njia inayojulikana kwa jina la North Coast 500 ilizinduliwa mwaka 2015. Inaanzia kwenye ngome ya Inverness, inazunguka pwani yote ya kaskazini, inarudi pale pale baada ya maili 516, yaani karibu kilomita 830. Ina kipande maarufu cha kwenda Applecross, barabara ya Bealach na Bà, inayopanda hadi mita 626 kwa kona za kujikunja, na mwanzoni bango linawashauri wenye magari makubwa na karavani wasiendelee. Sisi tulikiacha. Tulishika barabara kuu ya Ullapool, mji wa wavuvi uliojengwa mwaka 1788 kwa ajili ya biashara ya samaki aina ya heringi. Nyumba nyeupe zimepangwa mstari mbele ya maji, boti zimefungwa, ndege wa baharini wanapiga kelele.

Hapo ndipo mama alipochukua hatamu. Alishuka gatini, akawaona samaki, akafurahi. "Hawa ni vibua," akasema, "ila wa baridi, wana mafuta." Kweli, ni jamaa moja na vibua wetu. Tulinunua, tukarudi kambini, akavaa kanga yake juu ya sweta na kuanza kazi. Jiko lilikuwa na mafiga matatu ya gesi na nafasi ya kukatia vitunguu isiyozidi upana wa sinia. Alipaka samaki ndimu, chumvi na kitunguu saumu, akawabanika kwenye grili iliyo chini ya mafiga, akatengeneza mchuzi kwa tui la kopo. "Tui la kopo si tui," alituambia, "lakini linapita." Wali ukaiva, mlango ukiwa wazi ili harufu itoke, na mama wa motahomu ya jirani, Mjerumani, akaja kuuliza tunapika nini. Alirudi kwake na bakuli. Kesho yake likaletwa limejaa matunda, na mama akaamini kwamba hata huku watu hawarudishi chombo kitupu.

Usiku wanangu wawili walilala juu, kwenye kitanda kilicho kichwani mwa dereva. Mimi na mke wangu tulilala pale palipokuwa meza ya chakula. Mama alipewa kitanda cha nyuma chenye pazia. Maji yalikuwamo chooni, na kopo lake lilikuwamo. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mandhari yote niliyomwonyesha.

Choo hicho, lazima niseme, kina kazi yake. Chini yake kuna kaseti, tangi la plastiki lenye mpini na magurudumu, ambalo kila baada ya siku moja au mbili linatolewa ubavuni mwa gari, linaburutwa mpaka penye shimo la kambi, linamwagwa, linasuuzwa, linatiwa dawa ya buluu. Ni kazi ya dakika kumi, na niliifanya kila siku kabla wengine hawajaamka. Asiyeweza kuifanya kwa moyo mweupe asisumbuke kukodi. Na asiyeifanya kambini, akaenda kumwaga kando ya barabara, anawachafulia wenyeji kijito, na nimeona dalili za watu wa aina hiyo.

Kupita Ullapool mandhari hubadilika, mawe yanakuwa mengi kuliko nyasi, na milima inasimama mmoja mmoja, mbalimbali. Ukishavuka daraja la Kylesku, lililofunguliwa mwaka 1984 kuchukua nafasi ya pantoni, na kusogea zaidi kaskazini, barabara kwa masafa marefu inakuwa ya gari moja. Kila baada ya umbali fulani pamepanuliwa mahali pa kupishana. Pakiwa upande wako wa kushoto unaingia. Pakiwa upande wa pili unasimama mkabala napo ili mwenzako aingie. Mnainuliana mkono. Taratibu hiyo niliipenda sana. Lakini sehemu hizo pia ni za kuwapisha walio nyuma yako, na hilo wageni wengi hawalifanyi. Mzee mmoja tuliyezungumza naye karibu na daraja, akitembeza mbwa wake, alituambia kwa upole kwamba barabara hiyo ndiyo ya gari la wagonjwa, ya basi la shule na ya muuguzi anayezungukia nyumba. Motahomu tano zikifuatana kwa mwendo wa kutazama mandhari, mgonjwa anangoja. Tangu hapo nilikuwa nikiangalia kioo cha nyuma zaidi kuliko milima, na kila gari lililotufikia nililipisha.

Durness iko karibu na ncha ya kaskazini-magharibi ya Uingereza. Kiwanja cha kambi kiko juu ya genge, chini yake mchanga mweupe na maji ya kijani ambayo, kwa macho tu, ungedhani uko Pangani. Ukitia mguu unatoka mbio. Tulitakiwa kulala hapo kisha tuendelee mashariki hadi John o' Groats. Mke wangu akasema tusiondoke, na alikuwa na haki. Kila siku ya kuhama inakula asubuhi nzima kufunga na jioni nzima kufungua, na katikati dereva haoni kitu ila lami. Tukaomba nafasi zaidi, tukapata, tukaiacha nusu ya njia bila majuto.

Siku hizo za Durness ndizo zilizolipa gharama yote. Watoto walishinda mchangani na kwenye pango la Smoo. Mama aliweka kiti mlangoni, akapepeta mchele, akapokea wageni. Nyumbani Tanga kibla ni kaskazini. Huku ni kusini-mashariki, na kwa kuwa gari huegeshwa linavyotakiwa na kiwanja, kila tulipofika ilibidi tukitafute upya. Durness alikijua mara moja: usoni bahari, begani genge. Kilichomshangaza ni jua. Juni linazama karibu saa nne na nusu ya usiku na linachomoza saa kumi na dakika chache alfajiri, na katikati yake giza halifiki. "Sasa Isha ni saa ngapi?" aliniuliza, wekundu wa magharibi bado uko palepale. Nilimweleza jinsi misikiti ya huku inavyokadiria, na kwamba wako wanazuoni wanaoruhusu kuiunganisha na Magharibi wakati wa kiangazi. Alifikiri, akasema Mungu hakumtwika mja asichokiweza, akatandika mswala wake kati ya jiko na mlango.

Shari ya kule ni visubi. Upepo ukitulia jioni wanatoka kwa maelfu, wanaingia masikioni na kwenye nywele, na wavu wa dirisha usipofungwa vizuri hamlali. Upepo ukivuma hawawezi kuruka, ndiyo maana kambi ya juu ya genge ni bora kuliko ile iliyojificha bondeni, hata kama inatikisika usiku.

Tulirudi Inverness kwa njia ya Lairg, kandokando ya ziwa refu la Loch Shin.

Watu wananiuliza pia kuhusu kununua. Motahomu mpya ya ukubwa ule inaanzia maelfu mengi ya pauni, inahitaji bima, ukaguzi wa kila mwaka na jicho la daima kwa unyevu unaopenya kwenye viungo vya kuta, kisha inasimama nje ya nyumba kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa mstaafu mwenye afya na miezi yake mikononi, naielewa. Kwa sisi wenye zamu za hospitali na shule za watoto, sioni hesabu inayokubali. Na kwa vijana wawili wanaokula popote na kulala popote, gari dogo na hema vinatosha kabisa, na kule sheria iko upande wa hema lao.

Inafaa kwa familia yenye mzee, au mtoto mchanga, au mtu ambaye chakula chake, maji yake na sala yake havipatikani kwa urahisi hotelini. Na inafaa kama mko tayari kuona machache. Hotelini mama alikuwa mgeni. Ndani ya ile motahomu alikuwa mwenyeji, na sisi wote, pamoja na yule jirani Mjerumani, tulikuwa wageni wake. Akija tena tutaweka nafasi mapema, Mei mwanzoni kabla visubi hawajatoka, na tutalala sehemu mbili tu, zote karibu na bandari ya samaki.