Kanzidata ya Bure na Dirisha Lisilokuwapo

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta hapa nikiandika juu ya katiba, bajeti na chaguzi. Leo naomba wanivumilie niandike juu ya programu ya kompyuta, tena sehemu yake moja ndogo ambayo wengi hawajapata kuifungua. Nafundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani ya siasa na utawala. Wengi wao ni watumishi wa umma: maofisa mipango, watakwimu wa wilaya, wakaguzi wa ndani, watendaji wa kata waliojiendeleza. Kwa miaka minane nimekuwa nikiwafundisha kutunza takwimu zao kwa LibreOffice Base, kanzidata inayokuja bure katika kifurushi kimoja na programu ya kuandikia barua na ile ya lahajedwali. Naipenda programu hiyo na sina mpango wa kuiacha. Hata hivyo ina pengo ambalo hunikwamisha kila muhula, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba linawahusu watu wa utawala kuliko mafundi.

Nianze mbali kidogo. Anayetunza kumbukumbu kwenye daftari huuliza kwa jicho na kidole: hufungua ukurasa, hushuka mstari kwa mstari, huhesabu. Kanzidata huhifadhi kumbukumbu hizo katika majedwali yanayohusiana, na swali unaloliuliza majedwali hayo ndilo wataalamu huliita ulizo. Wazo la majedwali yanayohusiana lilichapishwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California. Miaka minne baadaye wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo tunaijua kwa jina la SQL. Walikuwa wakiwafikiria watu wasio waandishi wa programu, ndiyo maana waliijenga kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Katika kampuni hiyohiyo, upande wa pili wa Marekani, Moshé Zloof aliona kwamba hata lugha hiyo itawashinda wengi. Katikati ya miaka ya 1970 alibuni njia nyingine: mtu aonyeshwe jedwali tupu, ajaze mfano wa anachokitafuta, kisha mashine itafute vinavyolingana na mfano huo. Hakuna sentensi ya kutunga wala sarufi ya kukosea.

Njia ya Zloof iliingia kwa nguvu katika ofisi za kawaida kupitia Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992. Majedwali yanaonekana kama visanduku juu ya skrini, unayaunganisha kwa kuvuta mstari kwa kipanya, na chini yake kuna gridi ya kujaza masharti. Base nayo inalo dirisha la namna hiyo tangu ilipozaliwa mwaka 2005 pamoja na OpenOffice.org 2.0, na LibreOffice ilipojitenga mwaka 2010 ilikwenda nalo. Tatizo ni kwamba dirisha lenyewe limeishia njiani.

Mfano wangu natoka nao darasani. Mwanafunzi wangu mmoja, ofisa katika halmashauri ya wilaya ambayo sitaitaja, alikuwa na majedwali matatu: vijiji, visima, na matengenezo ya visima. Swali lake la kwanza lilikuwa ni visima gani havijawahi kutengenezwa hata mara moja. Kwa Base alilijibu kwa dakika chache: alibofya mstari unaounganisha visima na matengenezo, akaagiza visima vyote vionekane hata visivyo na rekodi ya fundi, akaweka sharti kwamba tarehe iwe tupu. Orodha ikatoka. Darasa zima lilikaa kimya, maana ilikuwa orodha ndefu na kila mmoja alikuwa na kijiji chake akilini.

Swali la pili lilitokana na hilo. Alitaka kata zishuke upande wa kushoto, miaka ipite juu, na katikati iwe idadi ya visima vilivyoharibika, yaani jedwali mtambuka, umbo lilelile ambalo diwani yeyote anaweza kulisoma. Access inalo: unachagua aina hiyo ya ulizo, unaonyesha kipi kiwe safu, kipi kiwe mstari na kipi kihesabiwe. Dirisha la Base halina. Unaweza kuyahamishia matokeo kwenye lahajedwali ya LibreOffice na kulitengeneza huko, na ndivyo tulivyofanya, ila jibu hilo sasa linaishi nje ya kanzidata, katika faili ambalo wiki ijayo litakuwa na nakala tatu zenye majina yanayofanana. Njia nyingine ni kuandika SQL ya mistari kumi na zaidi.

La tatu ndilo lililoniudhi. Kata moja ilikuwa imegawanywa, na visima vya vijiji vitano vilipaswa kuhamia kata mpya. Katika Access mtu hubadili aina ya ulizo liwe la kusahihisha, hutazama kwanza rekodi zitakazoguswa, na kabla ya kutekeleza huambiwa ni rekodi ngapi zinakaribia kubadilika. Katika Base dirisha la kuchora maulizo ni la kusoma tu; halisahihishi, haliongezi, halifuti. Anayetaka kusahihisha rekodi nyingi kwa mkupuo huelekezwa kwenye menyu ya zana, ambako hufunguka kisanduku cheupe kinachosubiri amri ya SQL. Mwanafunzi wangu aliandika jina la jedwali lake kama alivyolizoea, akaambiwa jedwali hilo halipo. Lilikuwapo. Injini ya kanzidata iliyomo ndani ya Base hugeuza kila jina lisilowekwa ndani ya alama za nukuu kuwa herufi kubwa tupu, nayo majina yake yalichanganya kubwa na ndogo. Hili mtu hulijua kwa kuambiwa. Na kama angesahau kipengele cha mwisho kinachotaja ni vijiji vipi, visima vyote vya wilaya vingehamia kata mpya, na kisanduku kingemjibu kwa utulivu kwamba amri imetekelezwa.

Sitaki kuionea Base. Kuunganisha kwa pamoja matokeo ya majedwali mawili yenye umbo moja, tuseme la 2023 na la 2024, hata Access huiachia SQL. Wala sikusudii kumkweza Microsoft. Ninachopima ni umbali ambao mtu asiye mwandishi wa programu anaweza kwenda peke yake kabla hajalazimika kumwita mtu mwingine. Kwa programu ya kulipia, umbali huo ni mrefu. Kwa ile ya bure unakatika mapema, na unakatikia palepale ambapo maswali huanza kuwa na uzito.

Wenzangu wa sayansi ya kompyuta hunijibu kwa kifupi: wajifunze SQL. Nakubaliana nao nusu. Mimi mwenyewe naifundisha kuanzia wiki ya tano, na wapo wanafunzi wanaoipenda kama wapendavyo mantiki. Lakini lugha iliyojengwa kwa Kiingereza cha kawaida ili iwe nyepesi haikumfikiria karani wa Songea au Wete aliyefanya kazi yake yote kwa Kiswahili. Kwake yeye ni ugeni juu ya ugeni. Mstari unaochorwa kati ya visanduku viwili hauna Kiingereza. Isitoshe, ushauri huo hautolewi kwa mwenye leseni ya Access. Yeye anaruhusiwa kuuliza kwanza na kujifunza baadaye. Asiye na fedha ndiye anayetakiwa kufaulu mtihani kabla ya kuuliza.

Kuna jibu jingine ambalo watu hawalisemi hadharani, nalo ni nakala za kunakili. Kwa miaka mingi katika mitaa yetu programu za kulipia zimepatikana kwa bei ya chakula cha mchana, na ofisi kadhaa zimejiendesha hivyo. Huyo ndiye mshindani halisi wa programu huria hapa kwetu, naye ana dirisha kamili. Anayetaka halmashauri ziheshimu sheria ya hakimiliki hana budi kuwapa watumishi chombo halali kinachofanya kazi ileile.

Msomaji atauliza kama programu huria zinaweza kweli kufika huko. Zimeshafika, na ushahidi uko katika wizara zetu za afya. Baada ya mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini, watafiti wa huko wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo walianza kujenga mfumo wa taarifa za afya za wilaya uitwao DHIS. Uligawiwa bure na msimbo wake ulikuwa wazi, ila toleo la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access, hivyo uhuru wake ulikaa juu ya msingi wa kukodi. Toleo la pili, DHIS2, liliachana na msingi huo na kuhamia kwenye wavuti. Kenya ililisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inalitumia. Mratibu wa chanjo anayelifungua leo hukuta jedwali mtambuka limeshawekwa, anachagua wilaya, miezi na kiashiria, anapata jibu bila kuandika amri hata moja. Kazi hiyo ilifanyika kwa sababu kuna watu waliolipwa kuifanya kwa miaka mingi, fedha za Norway zikiwamo. Base haikupata mfadhili wa namna hiyo. Ni mtoto wa mwisho katika familia ya LibreOffice: waandishi wake wa programu ni wachache, na wanaojitolea huvutwa zaidi na zile sehemu zinazotumiwa na kila mtu.

Hapa ndipo suala linapokuwa letu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na Ibara ya 18 ya Katiba inalitambua jambo hilo. Kenya wana Ibara ya 35 na sheria yao ya mwaka huohuo. Lakini mwanakijiji akiuliza ni visima vingapi vya kata yake vimeharibika tangu 2020, jibu haliko kwenye jalada lolote linalongoja kutolewa nakala. Limetawanyika katika rekodi mia kadhaa, na litapatikana tu kama ofisa aliyepokea ombi anaweza naye kuiuliza kanzidata yake. Asipoweza, ombi litapanda hadi kwa mtu wa TEHAMA, ambaye ni mmoja kwa halmashauri nzima na leo anashughulikia printa ya mkurugenzi. Au litasubiri mshauri mwelekezi wa mradi, ambaye ataondoka na maulizo yake kwenye kompyuta yake mradi ukiisha. Nimeona taarifa za miaka mitatu zikilala hivyo, zimeingizwa zote kwa uaminifu, na hakuna aliyezisoma.

Mwaka 2018 tulibishana sana juu ya marekebisho ya Sheria ya Takwimu, yaliyotaka kumwadhibu anayetangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka uliofuata yakalegezwa, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mjadala ule wote ulihusu nani anaruhusiwa kusema kilichomo ndani ya takwimu. Sikumbuki mtu yeyote, mimi nikiwamo, akizungumzia nani ana uwezo wa kuziuliza.

Wala sisi si wageni katika kazi hii. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Uswidi, walitoa OpenOffice kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuisikia. Ilitoka mwaka mmoja kabla Base haijazaliwa. Niliwahi kutafuta nakala yake niionyeshe darasani, na nilipoipata kompyuta ilikataa kuifungua kwa uzee wake.

Kila mwaka idara za kompyuta za vyuo vyetu hupokea miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mingi, nasema bila chuki, ni mfumo mwingine wa kugawa vyumba vya hosteli ambao hautagawa chumba hata kimoja. Msimbo wa Base uko wazi kwa yeyote kuusoma. Aina moja tu ya ulizo, la jedwali mtambuka au la kusahihisha lenye onyo la idadi ya rekodi, inatosha kuwashughulisha wanafunzi wanne na msimamizi wao kwa mwaka mzima, na ikikubaliwa na wasimamizi wa programu itamfikia karani wa hapa na wa Bujumbura kwa siku moja. Mhadhiri mmoja wa kompyuta chuoni kwangu amekubali kulipokea wazo hili kwa mwaka ujao wa masomo, kwa sharti kwamba nimletee maswali halisi kutoka ofisini, yasiyotungwa na mwanazuoni.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlioko halmashauri, hospitali za wilaya, vyama vya ushirika na mabaraza ya ardhi mniandikie. Msinitumie takwimu zenyewe wala majina ya watu. Nitumieni lile swali mlilotaka kuiuliza kanzidata yenu mkashindwa kulichora, kwa Kiswahili kilekile mlichokuwa nacho kichwani mlipokaa mbele ya skrini. Hadi sasa ninayo kumi na moja. Saba kati yake yanaanza na neno "wangapi".